Kabla Hujasema "Tufanye Kolabo": Namna ya Kumpata Mwenza wa Video Visiwani

Mkate wa kumimina ukishatiwa sufuriani na makaa yakapangwa juu ya mfuniko, haupendi kufunuliwafunuliwa. Kwetu Wete hilo halifundishwi, mtoto hukua nalo. Mwenzangu wa kolabo, kijana hodari wa kamera, hakukua nalo. Alitaka kuupata mvuke unavyopanda. Akafunua mara ya kwanza, nikamwambia, "Mwanangu, uache uive." Nilipoingia ndani kuchukua kitambaa akafunua tena. Mkate ukabonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mchele niliouroweka tangu usiku, tui la nazi mbili, iliki, hamira, vyote vikaishia kwa kuku wa jirani. Video ilitoka, mvuke umeonekana vizuri mno, na komenti ya kwanza iliandikwa na bibi mmoja aliyeko Muscat: "Mbona mkate umelala?"

Kosa halikuwa lake peke yake. Nilimchagua kwa idadi ya wafuasi wake, sikuwahi kumtazama akifanya kazi hata siku moja. Tangu hapo nimeshafanya kolabo nyingine, za kheri na za balaa, na hapa naeleza ninavyochagua sasa. Mie napika, kwa hivyo mifano mingi itanuka kitunguu. Wewe unayerekodi mpira, harusi au safari za watalii utabadilisha vyombo tu.

Hatua ya kwanza: andika kitu kimoja unachokosa

Chukua karatasi uandike jambo moja ambalo chaneli yako inalikosa. Moja tu. Ukiandika matano utaanza kutafuta malaika.

Yaweza kuwa ni mikono. Nilipoanza nilikuwa nasimamisha simu juu ya kopo la maziwa, vidole vimejaa unga, na kila nikitaka kubadilisha upande lazima kwanza ninawe. Watazamaji hawakuwa tatizo langu wakati ule. Nilikuwa sina wa kunishikia simu. Mwenza wa kwanza aliyenifaa kweli alikuwa binti wa jirani, yuko skuli bado, hana chaneli wala mfuasi, ila mkono wake hautetemeki na akiambiwa subiri anasubiri.

Yaweza kuwa ni ujuzi: sauti yako inamezwa na upepo, kuhariri kunakushinda, maandishi kwenye picha ya kava hayasomeki. Hapo unamtaka fundi, na mara nyingi ni bora umlipe. Tuna tabia mbaya ya kumwita fundi "mshirika" ili tusimlipe, halafu tunashangaa simu yetu haipokelewi tena.

Yaweza kuwa ni mlango, na huu wengi hawauhesabu. Chukua Mwaka Kogwa, sherehe za mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi. Kila Julai pale uwanjani kamera ni nyingi kuliko migomba, na wote wanaondoka na picha zile zile: wanaume wanapigana kwa migomba, akina mama wanaimba, kibanda kinawaka moto. Mwenza aliyezaliwa Makunduchi atakuingiza nyumbani kwa shangazi yake, jikoni, ambako sufuria ziko motoni tangu alfajiri na mgeni siku hiyo ni baraka. Huyo hata akiwa na wafuasi mia mbili hana haja ya zaidi.

Au yaweza kuwa kweli ni watazamaji wapya. Ikiwa hicho ndicho ulichoandika, hatua inayofuata isome polepole, maana hapo ndipo tunapoumizana.

Hatua ya pili: wajue watu wake kabla ya kuhesabu wangapi

Kwa sensa ya 2022 Zanzibar yote ina watu 1,889,773, wakiwemo watoto wachanga na wazee wasiogusa simu. Bwawa letu ni dogo. Wapishi wawili wa urojo wa mjini wakifanya kolabo, kwa kiasi kikubwa wanabadilishana watu wale wale. Si vibaya kwa mapenzi, lakini hakuna aliyeongeza kitu.

Ndiyo maana mie humtafuta jirani wa kazi yangu, mtu ambaye kazi yake inaishia pale yangu inapoanzia. Mvuvi wa pweza na mpishi. Mshonaji kanzu na mrekodi harusi. Anayewafundisha wageni Kiswahili na muuza matunda wa Darajani mwenye ulimi mtamu. Mtazamaji wa mmoja tayari ana swali ambalo jibu lake liko kwa mwingine.

Anza na watu wako. Fungua YouTube Studio, nenda kwenye takwimu, kisha sehemu ya hadhira. Chaneli yako ikiwa na watazamaji wa kutosha utaonyeshwa chaneli nyingine wanazozitazama, na nchi walipo. Nilipofungua yangu mara ya kwanza nilitaraji Unguja na Dar. Nikakuta Oman na Kenya zimekaa juu kuliko nilivyodhani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila nikipika boko boko watu wananiandikia habari za bibi zao. Hao hawakuja kutafuta chakula cha haraka, wamekuja kunusa nyumbani. Nikaacha kuwafukuzia wachekeshaji, nikaanza kumtafuta mtu anayerekodi milango ya Mji Mkongwe na majina ya mitaa ya zamani.

Takwimu za mwenzako huwezi kuziona. Muombe skrinshoti mbili: nchi za watazamaji wake, na hali ya chaneli kwa siku 28 zilizopita. Wewe mtumie zako kwanza, ndiyo adabu. Mtu wa kazi hutuma bila maneno. Anayekasirika kwa kuombwa amekupa jibu tayari.

Halafu soma komenti. Fungua video zake kumi na usome watu wanasema nini. Wanauliza maswali? Wanamsahihisha? Wanasimulia mambo yao? Au ni safu ya vimoto na mioyo, mistari ishirini imeingia ndani ya dakika moja, majina hayana picha? Akaunti yenye wafuasi elfu hamsini ambayo video zake hazifikishi watazamaji mia tano, ama imenunuliwa ama imekufa. Zote mbili hazikufai.

Nakupa kisa changu. Niliwahi kurekodi na mchekeshaji mmoja kutoka Dar es Salaam, jina nalihifadhi, kijana wa heshima kabisa na hakunikosea lolote. Alivuka kwa boti asubuhi, tukarekodi mimi nampikia na yeye anakula huku anafanya vituko. Video ile ilitazamwa kuliko yoyote niliyowahi kutoa, na wafuasi wakaongezeka hadi nikaanza kujiona. Wiki iliyofuata nikaweka supu ya pweza, hatua kwa hatua, taratibu kama kawaida yangu. Wapya hawakuifungua. Walikuja kwa vituko, na mie sina vituko. Ilinichukua miezi kurudi kwenye hali yangu ya awali, na wazee wangu wa Muscat nao walikuwa wameanza kuuliza kama chaneli imeuzwa.

Tangu siku hiyo kabla ya kukubali najiuliza swali moja: siku huyu mtu asipokuwepo kwenye video yangu, watu wake watakuja kutafuta nini? Nikikosa jibu la sentensi moja, naachana naye.

Hatua ya tatu: mtazame akifanya kazi

Tazama video zake tatu mwanzo mpaka mwisho: ya karibuni, ya mwaka mmoja nyuma, na laivu moja. Laivu ndiyo inayomvua mtu koti, maana haihaririwi. Angalia anamjibu vipi aliyemtukana, na anamwita vipi aliyemzidi umri.

Kisha angalia watu wanaopita nyuma yake. Hili kwetu ni kubwa kuliko mwanga na maiki. Mtu anayeingia Darajani na kamera juu, anawarekodi akina mama wauza mboga kabla hajasema hata "Shikamoo", siku moja atakuja kurekodi kwako. Atamrekodi mama yako kafunga kanga ya ndani, au atamtia shemeji yako kwenye kava ya video bila kuuliza. Wewe ndiye utakayebaki mtaani ukiulizwa, yeye keshapanda boti. Namtaka mtu anayeshusha simu chini mwenyewe bila kuambiwa, akimuona mtu kageuza uso.

Angalia na wanaomlipa. Mwenye tangazo la kubashiri kila video hafai kukaa jikoni kwangu, nusu ya watazamaji wangu watahama siku hiyo hiyo. Wewe unaweza kuwa na mpaka tofauti. Uujue tu kabla, na umwambie.

Jambo la mwisho hapa ni dogo: je, huwa anamaliza? Kuna chaneli zina "sehemu ya kwanza" kumi na mbili na "sehemu ya pili" haionekani. Mtu wa namna hiyo hatamaliza na yako.

Hatua ya nne: bisha hodi vizuri

Ujumbe wa "Hi, tufanye kolabo" naufuta. Si kiburi, ni kwamba haunielezi chochote, na yule aliyeutuma pengine kautuma kwa watu thelathini. Ujumbe mzuri unaonyesha umemtazama mtu, unasema wazo ni lipi, nani anagharimia nini, na unamwachia nafasi ya kukataa bila aibu. Huu nilimwandikia mvuvi mmoja wa upande wa kusini:

"Assalamu alaykum kaka. Mimi napika, chaneli yangu utaiona hapo juu. Nimetazama video yako ya kuchokoa pweza, pale ulipoonyesha kwamba tundu lenye pweza hujulikana kwa makombe yaliyotupwa nje. Watazamaji wangu huniuliza kila siku pweza mzuri anatambulikana vipi na mie huwajibu kwa kubahatisha. Naomba turekodi fupi moja: wewe unamtoa mwambani, mie nampika hapo hapo kijijini. Nauli na viungo juu yangu. Bamvu lijalo litakufaa? Ukiwa na shughuli hapana tabu, tutangoja jingine."

Aliitikia siku ile ile. Alinambia baadaye kilichomvuta ni neno bamvu. Wageni humtaka Jumamosi saa nne kwa sababu ndipo wao wana nafasi, wakati bahari haijui Jumamosi: bamvu, maji yanapokupwa sana, huja wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na ukienda maji mafu utarekodi mawimbi tu.

Ikiwa unayemtaka ni mtu mzima, fundi wa madau, mama mpishi wa harusi, sheha mstaafu mwenye hadithi, achana na inboksi. Nenda mwenyewe, na mtu anayemfahamu, usiende mikono mitupu, na siku ya kwanza usitoe simu mfukoni kabisa. Kama wewe ni mwanamume na mwenza ni mwanamke wa nyumbani kwao, omba ruhusa pale inapoombwa na uje na dada yako au mtu wa kuaminika. Nimeona kolabo nzuri zikifa kwa sababu kijana alijipenyeza moja kwa moja uani.

Hatua ya tano: jaribio dogo kwanza

Usianze na video ya dakika arubaini na safari ya Pemba. Anza na kitu kisichozidi nusu siku. TikTok ina dueti, unaweza kujibu klipu yake bila hata kukutana. Instagram, tangu 2021, inaruhusu posti moja kuwa ya watu wawili: inatokea kwa wafuasi wa pande zote, na likes na komenti ni za pamoja. Kumbuka tu kwamba aliyeiposti ndiye mwenye nayo. Akiifuta, imeondoka na kwako.

Katika jaribio hilo sitazami sana imetazamwa na wangapi. Natazama alifika saa ngapi, alileta alichosema ataleta, alituma klipu siku aliyoahidi. Mvua ya masika ikiharibu siku, je, aliandika mwenyewe kupanga siku nyingine, au nilimtafuta mie mara tatu? Msimu wa karafuu Pemba mtu anaweza kupotea wiki nzima mashambani na huo ni udhuru kamili. Tofauti ni kati ya anayekwambia kabla na anayekwambia baada.

Hatua ya sita: muandikiane

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaona haya kuandikiana na rafiki, tunasema "sisi ni ndugu", halafu undugu unavunjika kwa klipu ya sekunde thelathini. Si lazima mwanasheria. Ujumbe mmoja wa WhatsApp wenye kila kitu, na mwenzako akajibu "nimekubali", unatosha kwa kolabo za kawaida.

Ndani yake weka video itatoka chaneli ya nani na siku gani. Hapa watu hawafikirii vya kutosha. Ili YouTube ikushirikishe kwenye mapato ya matangazo yote inataka waliojisajili 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts, zile video zake fupi, zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa hizo zinahesabiwa kwa chaneli iliyoweka video. Ukikesha kuhariri video inayotoka kwake, umemjazia yeye pipa. Na dakika za Shorts kwenye mlisho wa Shorts haziingii kwenye zile saa 4,000, kwa hivyo vijipande vya dakika moja atakavyokuachia wewe "uweke kwako" havitakusogeza upande huo. Nikiwa na mwenza ambaye bado anasaka saa zake, narekodi siku moja video mbili: ya kwake na ya kwangu, kila mmoja na wazo lake. Mtu akitazama moja anatumwa akatazame ya pili.

Pesa. YouTube hailipi watu wawili, inalipa mwenye chaneli, tena ni baada ya akaunti yake kufika dola 100. Kugawana pesa ya matangazo ya video moja ni ugomvi wa kila mwezi kwa vijisenti. Mie nasema: kila mtu abaki na matangazo ya chaneli yake, ila pesa ya mdhamini, kama hoteli au duka limelipia, igawiwe kwa kiasi kilichoandikwa kabla ya kurekodi. Na mkilipwa, wekeni alama kwenye mipangilio ya video kwamba ina tangazo la kulipiwa. YouTube inadai hivyo, na watazamaji wetu si wajinga.

Nauli, bando, viungo, chakula cha mchana: nani anatoa nini. Andika hata kama ni elfu tano.

Video mbichi. Nakala mbili, siku ile ile, kabla ya mtu kuondoka. Nililijua hili kwenye gati la Mkoani. Tulirekodi siku nzima kwa simu ya mwenzangu kwa sababu kamera yake ni bora kuliko yangu, tukasema tutahamisha tukifika mjini. Wakati wa kupanda chomboni mtu akamsukuma, simu ikateleza, ikaingia majini katikati ya gati na meli. Ilikuwa na saa tatu za bibi mmoja anayesuka mikeka ya ukili, ambaye ilituchukua mwezi kumshawishi. Bibi alipoambiwa alicheka sana, akasema basi kumbe bahari ndiyo iliyotaka kujifunza. Sikuwa na nguvu za kucheka.

Nani ana haki ya kukata na kutumia tena. Je, anaweza kuchukua kipande chako akatengeneza tangazo la kitu kingine? Anaweza kumuuzia mtu? Andika hapana kama ni hapana. Na andika kwamba mtu yeyote aliyeonekana ndani akiomba atolewe, atatolewa, na nani atafanya hiyo kazi.

Muziki nao. Mwenzako akitia taarabu ya zamani nyuma ya video kwa sababu inanoga, inaweza kunaswa na mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, na mapato yakaenda kwa mwenye wimbo. Hilo ni dogo. Kubwa ni onyo la hakimiliki: matatu ndani ya siku 90 na chaneli iko hatarini kufungwa, na onyo linaangukia chaneli iliyoposti, halimuulizi nani aliutia wimbo. Mkitaka muziki wa kwetu muombeni msanii mwenyewe kwa maandishi. Hapa Zanzibar mambo ya hakimiliki yako chini ya COSOZA, Bara ni COSOTA, na ofisi hizo ziko kwa ajili ya kuulizwa.

Mwisho kabisa, neno la siri. Usimpe mtu, hata mkiwa mmenyonya ziwa moja. YouTube Studio ina sehemu ya ruhusa ndani ya mipangilio: unamwalika mwenzako kwa barua pepe yake, unachagua awe mhariri au mtazamaji tu, na kazi ikiisha unamtoa. Anayeng'ang'ania neno la siri baada ya kuonyeshwa njia hiyo, muage.

Hatua ya saba: siku ya kurekodi

Hapa sina mengi. Kabla ya kuwasha kamera kaeni dakika kumi, mmweleze mwenye nyumba au mwenye chombo kitakachofanyika, na kila mmoja ataje kitu kimoja kisichoguswa. Mie siku hizi nasema wazi: mfuniko ni wangu. Droni msirushe bila kibali, hata kama mwenzako anadai "huwa narusha tu". Na kama ni Ramadhani, rekodini mapishi ya futari mchana mkitaka, lakini kuonja mbele ya kamera kungoje adhana.

Hatua ya nane: rudi kwenye hesabu baada ya mwezi

Usihukumu siku ya pili. Ngoja siku 28 utazame mambo mawili. Kwanza mchoro wa muda watu waliokaa kwenye video: pale mwenza anapoingia, mstari unasimama, unapanda au unaporomoka? Wangu na yule mvuvi ulisimama bila kushuka alipokuwa akimgeuza pweza kwapani mwa mwamba, na ulishuka nilipoanza kusifia viungo. Nilijifunza hapo kunyamaza.

Pili, watazamaji wanaorejea. Waliokuja na kolabo walifungua video yako iliyofuata, ile isiyo na mgeni? Waliofungua ndio faida yako halisi, na hata wakiwa wachache, mwenza aliyewaleta anafaa kuitwa tena. Mie napendelea mwenza mmoja mara nne kwa mwaka kuliko wanne mara moja moja. Watu huzoea sura, na mara ya tatu tayari komenti zinauliza, "Yule mvuvi yuko wapi?"

Muulize na yeye upande wake ulikuwaje. Ikiwa wewe umepata na yeye hakupata, usimfiche. Mlipe kwa video nyingine ya kwake, bila kungoja akuombe.

Na kukataa

Utakataa wengi kuliko utakaokubali, na visiwa hivi ni vidogo: unayemkataa leo utakaa naye sahani moja kwenye harusi kesho kutwa. Usiseme "nitakuangalizia" kisha ukanyamaza. Mie huandika hivi: "Ahsante kwa kunifikiria. Nimetazama kazi yako, na naona watu wako na watu wangu wanataka vitu viwili mbalimbali, tukichanganya tutawachosha wote. Kwa kitu unachokitaka, mtazame fulani, naona mtafaana." Halafu namtajia mtu kweli, na yule mtu namtaarifu mwanzo. Wapo walionishukuru baadaye, na yupo mmoja aliyeniita mwenye choyo kwenye laivu yake. Nilimtumia visheti Idi, akapokea.

Yule kijana wa mkate, mnauliza? Nilirudi kwake baada ya mwaka, safari hii karatasi yangu imeandikwa "mikono". Kwa kamera hana mfano, tatizo lilikuwa kwamba nilimchukua kwa wafuasi wake, si kwa mikono yake. Ananirekodia mpaka leo, namlipa kwa siku, na tumenunua sufuria yenye mfuniko wa kioo kwa ajili ya mvuke wake. Ya mkate wa kumimina hukaa kando, na anarekodi kwa mbali, kutoka mlangoni.